Mbwa Aliyeitwa Mshenzi

 

Katika toleo hili tulikusudia kuandika juu ya sadaka. Sadaka itangoja. Kuna jambo limewagawanya watu waliokuwa wakikaa vizuri, na wengi wenu mmetuuliza njiani, nyumbani, hata kwenye foleni ya mgao: kanisa linasema nini juu ya yule mbwa?

Habari mnaijua. Nyuma ya jiko la kanisa analala mbwa jike, mdogo, rangi ya udongo, mkia umejikunja juu ya mgongo kama ndoana. Hana mwenyewe. Asubuhi moja kule bombani alitia mdomo katika ndoo ya mama mmoja jirani yetu, Mwislamu wa kutoka Kismayu, aliyekuwa amepanga foleni tangu alfajiri. Mama yule aliyamwaga maji yote. Akaiosha ndoo mara saba, mara moja kwa mchanga, kama dini yake inavyomwagiza, na maji ya kuoshea ilimbidi ayaombe kwa watu. Vijana wetu wawili walicheka. Jioni vijana wa upande wa pili wakaja na mawe. Siku ya tatu sisi wazee wa kanisa tulikutana, na kwa kutafuta amani tukakubaliana kwamba mbwa huyo atiliwe sumu, yeye na wengine wote wanaozurura katika zoni. Tuliandika katika daftari. Tukafunga kikao kwa sala.

Mstari ule tumeufuta. Tunataka mjue kwa nini, maana hatukuufuta kwa sababu ya huruma tu, na wala hatukuufuta kwa akili zetu wenyewe.

Kwanza tuwatendee haki waliotaka sumu. Si watu wabaya. Dada mmoja alisema: mgao umepunguzwa, watoto wangu wanalala na uji, nami nimwone mtu akimtupia mbwa ugali? Hakuna aliyeweza kumjibu, na mpaka leo tunaiheshimu hoja yake. Ndugu mwingine alisema mnyama hana roho ya milele, Kristo hakumfia mbwa, kwa hiyo hakuna dhambi kumwua. Wa tatu alifungua Biblia akatuonyesha kwamba Maandiko yenyewe hayana neno zuri juu ya mbwa. Ni kweli karibu yote. Goliathi aliona amedharauliwa kuendewa na fimbo kana kwamba ni mbwa. Paulo aliwaonya Wafilipi wajihadhari na mbwa. Ufunuo unawaweka nje ya mji. Na Isaya, katika sura ya 56, anawafananisha walinzi wavivu na mbwa wasioweza kubweka. Sisi wachungaji tukifika hapo huwa tunapita haraka.

Ndugu zetu wa Ituri walitabasamu waliposikia habari ya mbwa wasiobweka, kwa kuwa kwao ndiko wanakotoka. Wengi wenu wa Sudani Kusini, Burundi na hata Kivu hamjawahi kumwona mbwa huyo, basi tumweleze. Ni mdogo, urefu wake begani ni kama sentimita 40 hivi, uzito kilo kumi au kumi na moja. Masikio yamesimama, kifua na miguu vina weupe, mkia umejikunja, na paji la uso lina makunyanzi kama mzee anayesoma barua bila miwani. Hujilamba mwili kama paka. Jike wake hushika joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi hushika mara mbili. Si bubu. Ana sauti yake ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba bila maneno, lakini kule kubweka mfululizo kwa mbwa wa kawaida hana. Kwa sababu hiyo Wambuti na Waefe wanapokwenda kuwinda humvalisha kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi kwenye kichaka. Msafiri Mjerumani aliyeitwa Georg Schweinfurth, aliyepita kwa Waazande yapata mwaka 1870, aliwaona mbwa wadogo wenye mikia iliyojikunja na kengele za mti, akaandika habari zao.

Wazungu walimpenda. Mwaka 1895 wachache walipelekwa Uingereza wakaonyeshwa mbele ya watu, na baada ya muda mfupi wakafa kwa ugonjwa wa mbwa ambao kwao haukuwako. Miaka ya 1930 walipelekwa wengine, na mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha London, watu wakajazana kuwatazama. Marekani ilimwandika katika kitabu cha mbwa wenye ukoo mwaka 1943. Tangu hapo mbwa wa msituni akawa na vyeti. Ana karatasi ya baba yake, na ya babu, na ya babu wa babu. Tunasema bila wivu, ingawa wako kati yetu wanaongoja karatasi moja tu yenye jina lao, na miaka inakwenda.

Lakini wale waliopelekwa walikuwa wachache mno. Walizaliana wao kwa wao, na kama mjuavyo kuhusu ndoa za ndugu, magonjwa ya damu yalianza kujitokeza. Kuna moja ambapo figo hushindwa kuzuia sukari na chumvi za mwili, vyote vikatoka katika mkojo. Mbwa hunywa na kunywa asishibe maji, akakonda mpaka kufa. Kipimo cha kutambua mbwa wenye hatari hiyo kilipatikana mwaka 2007, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri. Zamani zaidi, mwaka 1987 na 1988, Wamarekani walikuwa wamekwisha panga safari. Walikwenda wapi? Walirudi kaskazini mashariki ya Zaire, vijijini, wakawaomba wanakijiji mbwa wao, ili damu mpya iingie. Mwaka 1990 mbwa hao wa kijijini wakaandikwa katika kile kitabu.

Sasa tuje kwenye jina. Huko Ulaya mbwa huyu aliitwa Basenji, na mpaka leo ndilo jina lake katika vitabu vyote vya mbwa duniani. Neno hilo hatuhitaji kamusi. Ni "washenzi" kwa kiambishi cha kwetu Kongo. Enzi ya Wabelgiji ndivyo walivyoitwa watu wa porini, wasiovaa viatu, wasiojua Kifaransa. Waliitwa hivyo na mabwana, na wakaitwa hivyo, kwa aibu yetu, na ndugu zao wenyewe waliokwisha vaa viatu. Mbwa hakuitwa mshenzi kwa kosa lake. Alirithi jina la wenyewe.

Hapa ndipo anapoingia yule mzee wa Kismayu.

Asubuhi baada ya kikao chetu cha sumu alikuja kanisani mzee mmoja Mbajuni, babu wa mama aliyemwaga maji. Hakuingia. Alisimama uani, akavua kofia, akaipiga vumbi, akaivaa tena. Tulimletea kiti. Tulidhani amekuja kuuliza mbwa atakufa lini.

"Mchungaji," alisema, "nimesikia mnataka kuua mbwa kwa ajili yetu. Msifanye. Sisi tulitaka maji yetu yawe safi. Roho ya mnyama hatukuitaka."

Tukamwambia, mzee wetu, tumefanya hivyo kwa kuwaheshimu. Akasema heshima ya namna hiyo itakuja kumwandama yeye siku ya hesabu, kwa sababu katika dini yake yuko mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumchotea maji mbwa mwenye kiu. Kisha akauliza, mbwa huyu mnamwitaje? Kijana mmoja aliyekuwa akifagia akajibu kwa mzaha: Mshenzi. Mzee hakucheka.

Alikaa kwetu hadi jua likawa kali, na yale aliyotuambia tunayaandika kwa ruhusa yake. Alizaliwa kisiwani Koyama, akakulia Kismayu mjini, baba yake mvuvi. Siku za utoto wake watu wa Gosha, wakulima wa kando ya Mto Juba, walikuwa wakija mjini kuuza mahindi na ndizi. Watu hao babu zao hawakuzaliwa Somalia. Katika karne ya 19 walichukuliwa kutoka bara la Tanganyika, Msumbiji na Malawi, wakapakiwa majahazini kwenda kaskazini kulima mashamba ya nafaka. Hata baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga biashara hiyo baharini, wengine waliendelea kuswagwa kwa njia ya nchi kavu. Waliotoroka walijificha katika msitu wa mto wakajenga vijiji, na wako Wazigua wa huko ambao lugha yao ya Handeni haijawatoka kinywani. "Sisi watoto wa pwani," alisema mzee, "tukiwaona tulikuwa tukiwazomea. Tuliwaita washenzi. Wasomali waliwaita kwa neno baya zaidi. Mama yangu hakunikataza."

Ikafika 1991. Vita viliposhuka Kismayu, Wabajuni hawakuwa na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwatetea. Waliporwa, wakatolewa visiwani, wakaambiwa nchi si yao, waende walikotoka babu zao. Wengi walipanda mashua na majahazi, wakashuka mpaka Lamu na Mombasa. Mzee alisema usiku ule wa bahari ndipo alipojua maana ya lile neno alilokuwa akilitupa sokoni. Miaka ya 2002 na 2003, Wabantu wa Gosha walipoletwa hapa Kakuma kwa maelfu kutoka Dadaab ili wahojiwe kwa safari ya Marekani, alimtambua mmoja wao, muuza ndizi wa zamani. Alitaka kumwomba msamaha. Alichelewa wiki moja, basi likaondoka. Wenzao wengine, mnakumbuka, walirudi Tanzania wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, kwenye nchi waliyochukuliwa babu zao.

"Kwa hiyo mbwa mwiteni jina lingine," alisema.

Wapendwa, tulinyamaza. Lakini si jina lililotufanya tufungue daftari. Ni jambo tulilolikumbuka wakati mzee akisema habari za usiku wa kuondoka.

Mnakumbuka Kutoka 11, Mungu anamwambia Musa kwamba usiku ule hakuna mbwa atakayewatolea Waisraeli ulimi wake. Waliondoka Misri na mbwa hawakubweka. Kwetu haikuwa hivyo. Mbwa wa Masisi, wa Djugu, wa Fizi walibweka. Familia ngapi hapa zinajua mbwa alifanywa nini usiku ule ili asiseme? Hatuulizi ili mwinue mikono. Wapo waliomnyamazisha kwa mikono yao. Wapo waliomfungia ndani ya nyumba. Mmoja wetu alimfunga mbwa wake kwenye mti wa parachichi kwa kamba ya nailoni ili asiwafuate, kwa sababu njiani palikuwa na watu arobaini na watoto wachanga wanne, na wenye silaha walikuwa bonde la pili. Alijiambia atarudi baada ya siku mbili amfungue. Hakurudi. Huyo mmoja wetu ndiye anayeshika kalamu hii.

Chuoni tulisoma habari za Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18. Alifundisha kwamba mwanadamu hana wajibu kwa mnyama mwenyewe. Ukimtesa mbwa, kosa lako ni kwamba unaufanya moyo wako uwe mgumu, na kesho utamtesa mtu. Ni mafundisho mazuri ya kuwapa vijana warushao mawe, na tumeyahubiri mara nyingi. Siku hizi yanatupungukia. Ile kiu ya siku ya pili pale chini ya parachichi, na ya siku ya tatu, haikuwa kiu ya moyo wetu. Ilikuwa kiu ya mbwa. Yeye ndiye aliyeivuta kamba. Kama kulikuwa na deni, deni lilikuwa kwake.

Na je, tulikosa? Watu arobaini walipona. Bwana wetu mwenyewe alisema sisi ni bora kuliko mashomoro wengi, na hatutasimama madhabahuni kumwambia mama yeyote kwamba mtoto wake angehatarishwa kwa ajili ya mbwa. Tunaamini kumfunga usiku ule kulikuwa halali. Tunaamini pia kwamba tunadaiwa. Mambo hayo mawili tumeyaweka pamoja kwa miaka mingi na hayajapatana. Sasa tunaona hayahitaji kupatana. Mtu aliyelazimika kuchukua akiba ya jirani ili mtoto asife hakufanya dhambi ya wizi mbele za Mungu, lakini jirani bado amekosa akiba yake. Kulazimika hakufuti deni. Tena mbwa si kama swala wa porini. Zaidi ya miaka elfu kumi amekaa na wanadamu, amezoea sauti yetu, anakula tulichoacha, analala tulipo. Tulimfundisha kutotukimbia. Swala angevuka bonde usiku ule bila ruhusa ya mtu.

Sasa, mbwa wa nyuma ya jiko si yule wa parachichi. Tunajua. Deni la mmoja hulipwaje kwa mwingine? Hatulipi. Ila mtu aliyekwisha kuona mambo hayo hawezi kuandika katika daftari neno "sumu" kwa wino uleule anaoandikia mahudhurio ya watoto.

Ndugu mmoja akatuambia: basi tumtunze kwa kuwa huenda ni wa ukoo ule wa Kongo, ana thamani. Hapana. Huyu anabweka, tena usiku wa manane, mnamsikia. Ni mbwa wa Waturkana, mbwa koko kama wengine. Ni kweli kwamba hata mbwa koko si takataka. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 juu ya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia ulionyesha kwamba wale wa Uganda si machotara wa mbwa wa Ulaya. Ni ukoo wa Afrika wenyewe, wa zamani, na Basenji anakaa karibu nao. Tumefurahi kulijua hilo. Lakini tukianza kusema mnyama atunzwe kwa sababu ya ukoo wake, tumerudi sokoni Kismayu, tunapima nani mstaarabu na nani mshenzi. Mithali 12:10 inasema juu ya mwenye haki na mnyama wake, haisemi mnyama wa namna gani.

Turudi kwa dada yetu na uji wa watoto wake. Yule mama Mkanaani wa Mathayo 15 alipoambiwa habari ya watoto na mbwa, hakubisha kwamba watoto watangulie. Aliuliza tu habari ya makombo. Basi hatuombi ugali wa mtoto yeyote. Tunaomba ukoko wa sufuria ulioshindikana kulika, miiba ya samaki iliyopondwa, na maji. Hapa maji ndiyo zaidi. Mbwa aliyetia mdomo katika ndoo ya jirani yetu hakuwa mkorofi, alikuwa na kiu, na sisi tunaokula chakula cha sherehe jikoni kwake hatukuwa tumemwekea hata kopo. Kosa la bombani lilikuwa letu. Tumekwenda kwa yule mama kumwambia hivyo, na vijana wawili waliocheka wamemchotea maji wiki nzima kwa ndoo ambayo mbwa hajaikaribia.

Hapo tuseme na upande wetu pia. Wako kati yetu wanaoona kuwa kumshika mbwa mbele ya Mwislamu ni kuonyesha uhuru wetu katika Kristo. Huo si uhuru, ni kiburi. Tena majirani zetu wana tahadhari ambayo sisi tumeipoteza. Turkana hii tunayokaa imejulikana kwa miaka mingi kuwa na ugonjwa wa uvimbe wa maji unaotokana na tegu wa mbwa, miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi kuliko zote duniani, na AMREF walianza kupambana nao miaka ya 1980. Mbwa akila ini au mapafu mabichi ya mbuzi yenye vifuko vya maji, tegu hukua tumboni mwake. Mayai yake hutoka na choo, hushika manyoya, huingia mikononi mwetu na katika chakula, na ndani ya mtu hufanya vifuko ambavyo huongezeka polepole kwa miaka mpaka tumbo livimbe na mgonjwa apasuliwe. Kwa hiyo anayechinja asimtupie mbwa viungo vibichi vya ndani. Avichemshe sana au avizike chini. Watoto wasilambwe usoni, na wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Tulimwambia mzee kwamba sheria yake ya kuosha ina faida kubwa hapa. Akajibu kwamba yeye huosha kwa sababu Mungu ameamuru, minyoo hajaifikiria.

Jambo la pili ni kichaa cha mbwa, maana hilo ndilo lililotajwa kikaoni kama sababu ya sumu. Kumbe sumu haisaidii. Ukiwaua mbwa wa zoni, mbwa wengine wasiojulikana huingia kuchukua nafasi, na pengine umewaua waliokwisha chanjwa. Kinachokata ugonjwa ni chanjo, ikiwafikia mbwa kama 70 kati ya kila 100. Kisiwa cha Pemba, chenye Waislamu karibu watu wote, kilianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010. Ugonjwa ulikatika 2014, ukaingia tena kutoka nje mwaka 2016, wakachanja tena, na 2018 ukakatika. Hawakuacha dini yao kwa kufanya hivyo. Na mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kliniki siku hiyohiyo akachomwe sindano. Asingoje aone kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Watoto huficha kuumwa kwa kuogopa kuchapwa. Msiwachape kwa hilo.

Hayo ndiyo yaliyotufanya tuufute ule mstari. Kikao cha pili kilihudhuriwa na mzee wa Kismayu na wenzake wawili, nje, chini ya turubai. Tulikubaliana kwamba wazee wa pande zote mbili watakwenda pamoja kwa maofisa wa mifugo kuomba mbwa wa zoni wachanjwe na wapewe dawa ya minyoo. Mbwa wa kanisa amefungiwa kitambaa chekundu shingoni ili ajulikane. Jina tuliwaachia watoto wa shule ya Jumapili, nao wanamwita Tumaini, ingawa mama mmoja amelalamika kwamba ndilo jina la binti yake. Hilo bado tunalizungumza.

Bakuli la maji liko nyuma ya jiko, upande wa mashariki, mbali na njia ya bombani. Lijazwe asubuhi na jioni, na anayelijaza atumie kopo lililofungwa kwenye mti, si jagi la kanisa. Wiki hii ni zamu ya akina mama wa kwaya, wiki ijayo ni vijana. Mbwa asifungwe kamba, mchana wala usiku.

Jumanne iliyopita mzee alipita akienda bombani na wajukuu. Alisimama mbali kama alivyozoea, akauliza kwa sauti kama mbwa ameshakunywa. Tulikuwa tumesahau.